Bajeti Ndogo, Hofu Kubwa: Tunajifunza Nini kwa Filamu za Kale za Uingereza?

Mwanachuo aliyezoea filamu za Marvel akionyeshwa filamu ya kisayansi ya Uingereza ya miaka ya 1950, kwanza atacheka. Haina rangi, watu wanaongea muda mrefu ofisini, na zimwi lenyewe linachelewa kuonekana. Lakini akivumilia nusu saa, kicheko kinakatika. Kwa nini filamu zilizotengenezwa kwa pesa ya mawazo bado zinatushika?

Kwanza, uhaba uliwalazimisha watu kufikiri. Mwaka 1953 BBC ilirusha tamthilia ya Nigel Kneale kuhusu mwanaanga anayerudi duniani akiwa na kitu kigeni mwilini. Mwishoni kiumbe hicho kilitakiwa kionekane ndani ya kanisa la Westminster Abbey, na pesa haikuwepo. Basi Kneale mwenyewe alivaa glavu zilizobandikwa majani na ngozi, akapenyeza mikono kwenye picha kubwa ya kanisa. Kazi ikaisha. Mwaka 1955 kampuni ya Hammer ikatoa filamu yake, The Quatermass Xperiment, iliyoongozwa na Val Guest. Humo Richard Wordsworth anaigiza mwanaanga huyo karibu bila kusema neno, mkono wake ukiwa umefichwa ndani ya koti. Kila mtazamaji anautengeneza mkono ule kichwani mwake, tena bure.

Pili, maajabu yanatokea mahali pa kawaida kabisa. Katika Village of the Damned (1960) ya Wolf Rilla, iliyotokana na riwaya ya John Wyndham, kijiji kizima kinazimia mchana kweupe. Jeshi linamtuma askari aliyevaa kinyago cha gesi na kufungwa kamba. Akivuka mpaka tu, anaanguka, wenzake wanamvuta. Hakuna chombo cha angani wala mwanga wa kijani. Ni kamba tu, na unaogopa.

Tatu, zilibeba hofu ya kweli. Uingereza ilianza kujaribu mabomu ya haidrojeni mwaka 1957. Mwaka 1961 Val Guest akatoa The Day the Earth Caught Fire, ambamo majaribio ya nyuklia ya Marekani na Urusi yanaisukuma dunia nje ya njia yake. Tunayaona maafa hayo kutoka chumba cha habari, na mhariri anaigizwa na Arthur Christiansen, aliyewahi kweli kuwa mhariri wa Daily Express. Joto linapanda, maji yanatolewa kwa mgao. Mwishoni kurasa mbili za mbele ziko tayari: moja inasema dunia imeokoka, nyingine imeangamia. Hatuambiwi ipi itatoka.

Sisi tunaosomea ualimu tuna sababu ya ziada ya kurudi kwenye kile kijiji. Baada ya watu kuzinduka, wanazaliwa watoto wenye uwezo wa kusoma mawazo. Gordon Zellaby anampa mmoja wao kijisanduku cha fumbo. Huyo akishajua kukifungua, wote wamejua. Kwa mwalimu hiyo ni ndoto, sio? Umfundishe mmoja, darasa zima lielewe! Ila watoto hao hawana huruma hata chembe. Mwisho Zellaby anaingia darasani na bomu ndani ya mkoba, huku akijilazimisha kuwaza ukuta wa matofali ili wasilisome wazo lake.

Je, alikuwa sahihi? Wapo watakaosema hakuwa na njia nyingine. Mimi naona filamu inatuuliza jambo gumu zaidi: muda wote ule wa masomo, nani aliwafundisha utu? Zellaby alivutiwa na akili zao, akazilisha maarifa, na huruma ikabaki nje ya ratiba. Tukienda mazoezi ya kufundisha tutakutana na mwanafunzi hodari asiyejali wenzake, na hakuna mtihani utakaotuonyesha tatizo hilo.

Kwa hiyo usiku mmoja wa wikiendi, anza na Village of the Damned. Tazameni kwa kundi, zimeni simu, kisha mjadili huo ukuta wa matofali.