Ramani ya Senta Yetu: Tuseme Kabla Haijapigwa Muhuri



Wengi wetu tunaishi kijijini, lakini shilingi yetu tunaitafuta senta. Huko ndiko tunakouza mboga, maziwa na kuku. Huko ndiko iliko steji ya matatu, mashine ya kusaga unga na duka la dawa za mifugo. Kwa hivyo serikali ya kaunti ikisema inataka kuipanga senta upya, hilo si jambo la wenye maduka peke yao. Somo la mwezi huu linahusu namna kikundi kinavyoweza kusikizwa wakati mji mdogo unapopangwa. Lisomeni pamoja, mmoja asome kwa sauti, na mkifika penye jambo linalowagusa simameni mjadiliane kabla ya kuendelea.

Nianze na jambo nililoliona mwenyewe mwaka 2022, katika senta moja ambayo sitaitaja. Soko la pale lilikuwa libomolewe na kujengwa jipya, lenye paa, vyoo na taa. Watu walifurahi. Vijana wawili walitumwa na daftari waandike majina ya wauzaji, ili baadaye kila mmoja apewe meza. Walikuja Jumatano. Siku za soko pale ni Jumanne na Ijumaa. Basi wakaandikwa wenye vibanda vya kudumu, wale wanaolala karibu. Akina mama wanaotoka vijijini na magunia mgongoni, ambao kwa kweli ndio soko lenyewe, hakuandikwa hata mmoja.

Soko lilipofunguliwa, mama mmoja mzee alikwenda kuulizia meza yake. Karani akapekua karatasi, akamwambia, "Mama, jina lako haliko hapa." Mama akamjibu, "Mwanangu, mimi nauza hapa tangu hujazaliwa." Karani hakuwa mtu mbaya. Alirudia tu kwamba jina haliko. Siku hiyo mama alitandaza gunia lake nje ya ukuta, kando ya njia, na saa nne hivi askari wakaja wakamwondoa kwa sababu hapo hapakuruhusiwa biashara.

Meza yake haikuibwa na mtu. Hakuhesabiwa, na meza zilijengwa kwa idadi ya waliohesabiwa. Tukumbuke hilo tunapoendelea.

Kwa nini senta nyingi zinapangwa upya siku hizi? Ni kwa sababu watu wameongezeka haraka, hasa katika miji iliyo pembezoni mwa miji mikubwa. Chukueni mfano wa Ruiru, nje ya Nairobi. Katika hesabu ya watu ya 2009 mji huo ulikuwa na watu karibu 239,000. Katika hesabu ya 2019 walikuwa karibu 490,000. Ni zaidi ya mara mbili, kwa miaka kumi tu. Barabara ya Thika ilipomaliza kupanuliwa mwaka 2012, shamba la kahawa la jana likawa ploti, na penye kioski pakawa na gorofa. Mji ukikua hivyo bila mpango, maji ya mvua hukosa pa kupitia, na gari la kuzima moto likija halina njia. Kwa hivyo tusiwe watu wa kupinga mpango kwa sababu tu ni mpango. Tunachotaka ni kuwa ndani yake.

Na kuwa ndani yake si kuomba msaada. Ni haki. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 10, inataja ushirikishwaji wa wananchi kati ya maadili ya taifa letu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inasema wananchi ni lazima washirikishwe katika mipango ya kaunti. Sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya 2019, iliyochukua nafasi ya ile ya 1996, inataka mpango wa mji utangazwe ili watu watoe maoni au pingamizi. Tangazo lenyewe hutaja siku. Zihesabuni tangu siku lilipotoka, si tangu siku mlipopata habari, maana wengi wamepeleka barua nzuri sana kwa kuchelewa.

Je, wakifanya mkutano mmoja hotelini wakaita watu ishirini, si wamekwisha kutushirikisha? Mahakama Kuu ilijibu swali kama hilo mwaka 2014, katika kesi ya Gakuru na wenzake dhidi ya kaunti ya Kiambu. Kaunti ilikuwa imepitisha sheria ya ada na ushuru ya 2013. Wananchi wakaenda kortini wakisema hawakuulizwa ipasavyo. Jaji akaifuta sheria hiyo. Alieleza kwamba kutangaza juujuu hakutoshi. Ni lazima wenye mamlaka wajitahidi kuwafikia watu wengi iwezekanavyo, na akataja makanisa, misikiti, mabaraza na redio za lugha za kienyeji. Kwa hivyo mkienda kwa afisa mkamwomba tangazo lisomwe Jumapili kanisani, hamjamwomba jambo la ajabu.

Sasa tuone inakuwaje watu wakipangiwa bila kuulizwa wanavyofanya kazi. Soko la Muthurwa, Nairobi, lilifunguliwa mwaka 2008 ili wachuuzi watoke katikati ya jiji. Pesa nyingi zilitumika. Lakini mchuuzi hauzi mahali penye paa, anauza mahali wateja wanapopita. Kule ndani wengi walikosa nafasi, na wengine waliopata nafasi walikosa wanunuzi, wakarudi barabarani kufuata miguu ya watu na kukimbizana na askari kama zamani. Mtu yeyote anayebeba nyanya begani angewaambia wapangaji hivyo bure, hata kwa kikombe cha chai.

Mfano wa pili ni wa Mukuru, na huu nataka tuukalie kidogo. Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani ni mitaa ya mabanda katika eneo la viwanda, mashariki mwa Nairobi. Ina zaidi ya nyumba 100,000. Sehemu kubwa ya ardhi ile iligawiwa watu binafsi zamani ili wajenge viwanda, nao hawakujenga, watu wakakaa. Kwa miaka mingi habari ilikuwa moja tu, tingatinga. Wakazi wenyewe, kupitia Muungano wa Wanavijiji, ambao ni shirikisho la vikundi vya kuweka akiba kama hivi vyetu, wakishirikiana na vyuo vikuu na mashirika mengine, wakaanza kuhesabu. Walihesabu nyumba, vyoo na mabomba. Walipopiga hesabu ya maji na stima ikaonekana kwamba mtu wa Mukuru analipa zaidi kwa mtungi mmoja kuliko mtu wa mtaa wa kitajiri anavyolipa kwa maji hayo hayo ya mfereji. Jambo hilo kila mkazi alilijua, lakini lilikuwa halijaandikwa mahali. Mwezi wa Agosti 2017 kaunti ya Nairobi ikatangaza Mukuru kuwa eneo la mpango maalum.

Sasa, utaulizaje maoni ya nyumba 100,000? Ukiwaita uwanjani watasema wenye sauti kubwa tu. Wao walifanya hivi: nyumba kumi zinazopakana zilikaa pamoja zikachagua mtu mmoja wa kuzisemea. Wale wa kumi kumi wakakutana kwa makundi makubwa zaidi, na hivyo hivyo hadi kufikia mtaa mzima. Habari ilipanda kwa njia hiyo na majibu yakashuka kwa njia hiyo hiyo. Upande wa wataalam, zaidi ya mashirika 40 yaligawanywa kwa kazi: wa maji, wa afya, wa elimu, wa nyumba na kadhalika.

Faida yake ilionekana kwenye barabara. Kanuni za kawaida za upana wa barabara, zikifuatwa katika mtaa uliosongamana vile, zingevunja nyumba nyingi mno. Wakazi wakaketi na wapangaji, wakapima vichochoro, wakaamua ni njia zipi zipanuliwe kwa ajili ya magari na ni zipi zibaki za miguu, ili watakaohama wawe wachache. Baadaye, mwaka 2020 na 2021, barabara na hospitali zilijengwa kule.

Lakini nisiwapambie mambo. Novemba 2021, nyumba nyingi za Mukuru kwa Njenga zilibomolewa ili barabara ipite, na maelfu ya watu wakalala nje. Kutoa maoni hakufungi tingatinga kamba. Hata hivyo, watu waliokwisha kujihesabu wana karatasi ya kushika wanapokwenda kwa gavana au kortini.

Turudi kwetu. Kikundi cha watu 20 kinaweza kufanya nini?

Kwanza, kateni habari mapema. Ramani ikishachorwa kwa rangi na kutundikwa ukutani, afisa huwa hapendi kuifuta. Nendeni ofisi ya mipango ya kaunti au kwa mwakilishi wa wadi mkaulize kama senta yenu inapangwa. Wakiwazungusha, andikeni barua mkitaja Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ofisi ya serikali inatakiwa ijibu ndani ya siku 21.

Pili, jihesabuni wenyewe, na mfanye hivyo siku ya soko. Vijana wawili wakae kila njia inayoingia senta tangu saa kumi na mbili asubuhi. Waandike nani ameleta nini, ametoka kijiji gani, anaketi wapi na anaondoka saa ngapi. Fanyeni siku mbili za soko, kisha siku moja ya kawaida, ili tofauti ionekane. Ile risiti ndogo ya ushuru ambayo wengi wetu tunafungia chumvi, wekeni. Ni ushahidi kwamba mmekuwa mkiuza pale na kaunti imekuwa ikipokea pesa zenu.

Tatu, jifunzeni kusoma ramani, maana hapo ndipo wengi tunapopigwa chenga. Usianze kutafuta nyumba yako. Anza na kitu kisichohama, kama kanisa, mto, shule au makutano ya barabara. Ukishakipata, zungusha karatasi mpaka ielekee kama nchi ilivyo, halafu tembea kwa kidole. Kisha tafuta kipimo, ambacho huandikwa pembeni. Ikiwa ni 1:1,000, sentimita moja ya karatasi ni mita 10 za ardhi. Ikiwa ni 1:2,500, sentimita moja ni mita 25. Mtoto yeyote wa shule ana rula, mwazimeni.

Upana wa barabara ndio unaoondoa watu. Afisa akisema "mita 15", watu huitikia kwa kichwa kwa sababu ni neno tu. Chukueni kamba, mpime mita 15, mfunge fundo, mwende nayo senta jioni watu wakiwa wametawanyika. Shikeni ncha mbili mtembee nayo kutoka mwanzo hadi mwisho. Mtajua mara moja ni kibanda cha nani kimo ndani ya kamba. Katika kikundi kimoja nilichofanya nacho zoezi hili, mzee mmoja aliyekuwa akishangilia barabara kubwa aliikuta kamba ikipita katikati ya kinyozi chake. Akanyamaza, kisha akauliza kama mita 12 hazitoshi. Hilo sasa ndilo swali la mpangaji.

Mkienda mkutanoni, tieni sahihi ya mahudhurio lakini someni kwanza kilichoandikwa juu ya karatasi. Kuhudhuria si kukubali. Maoni yenu mwandike kwa barua yenu, nakala mbili, kwa maneno ya kawaida: "Sisi ni wauzaji 143 tunaotoka vijiji sita, tunauza Jumanne na Ijumaa, tunaomba sehemu yenye kivuli karibu na steji, na choo cha akina mama." Nakala moja waachieni, ya pili ipigwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, mrudi nayo. Bila muhuri huo, ni kama hamkusema. Na semeni na akina mama na vijana wenu pia kabla ya kwenda, maana nimeona wazee wakiomba uwanja wa maegesho huku wauza mboga wakitaka bomba la maji.

KAZI YA KIKUNDI

Chorani senta yenu chini, kwa kijiti, kila mtu aweke jiwe mahali anapouzia au anaponunulia. Ni nani hajawekwa jiwe, na kwa nini?

Kama vijana wa daftari wangekuja senta yenu Jumatano hii, ni wangapi kati yenu wangeandikwa?

Ni nani atakayetunza risiti na nakala za barua za kikundi? Zitawekwa wapi ili panya na mvua visizifikie?

Pimeni kamba ya mita 12 na ya mita 15. Tembeeni nazo kabla ya mkutano ujao, na mwandike mlichokikuta.