Shule Zilipofungwa: Somo la Mwaka 2020

Wanafunzi wapenzi, pamoja na wazazi mnaosoma gazeti letu kila muhula, leo nataka kuwaelezeni habari za mwaka 2020, mwaka ambao shule zote za nchi yetu zilifungwa kwa ajili ya maradhi. Wengi wenu siku zile mlikuwa bado watoto wadogo, na pengine mnalokumbuka ni kucheza tu. Mimi nilikuwa mwalimu tayari, nafundisha Jiografia hapa Moshi, na baada ya siku zile nilifanya kosa ambalo limenifunza kazi yangu kuliko chuo. Kosa hilo nitalisimulia mbele. Kwanza tuitazame habari yenyewe.

AMRI NA SABABU YAKE

Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza ya kuwa ugonjwa wa korona umeenea ulimwenguni. Tarehe 16 Machi mgonjwa wa kwanza wa Tanzania alitangazwa, naye alikuwa Arusha, si mbali na hapa kwetu. Kesho yake Waziri Mkuu, Bwana Kassim Majaliwa, alitangaza kufungwa kwa shule zote, tangu za awali hadi kidato cha sita, kwa muda wa siku 30. Siku hizo zilipokaribia kwisha, muda ukaongezwa. Kidato cha sita walirudi tarehe 1 Juni, na wengine wote tarehe 29 Juni. Hesabuni wenyewe kutoka 17 Machi: ni siku 104, yaani karibu majuma 15.

Mtu atauliza, kwa nini zifungwe shule? Virusi vya ugonjwa huu hutoka kinywani na puani mwa mtu anapokohoa, anapopiga chafya, anaposema, hata anapopumua. Aliye karibu naye huvivuta, hasa ndani ya chumba kisichopitisha hewa. Tena mtu aweza kuwa navyo naye asijisikie mgonjwa. Sasa fikirini darasa la watoto 50. Kila jioni watoto hao hurudi katika nyumba 50, na asubuhi hukutana tena. Kwa hiyo darasa moja ni uzi unaounganisha nyumba 50, na katika nyumba hizo wamo babu na bibi, ambao ugonjwa huu uliwadhuru zaidi. Kufunga shule ni kuukata uzi huo.

Majirani zetu walifunga muda mrefu kuliko sisi. Kenya ilifunga shule katikati ya Machi 2020, ikarudisha madarasa machache mwezi wa Oktoba, na wanafunzi wote Januari 2021. Uganda ilifunga Machi 2020, ikafungua kwa muda na kufunga tena, na shule zake zote hazikufunguliwa mpaka tarehe 10 Januari 2022. Kwetu masoko, makanisa na misikiti haikufungwa. Lakini hata hivyo maisha yalibadilika.

MAISHA YA KILA SIKU

Jambo la kwanza tulilonyang'anywa ni mkono. Mtu wa mlimani akikutana na mwenzake humpa mkono, akauliza habari za nyumbani, za ng'ombe na za shamba, na mkono bado ameushika. Sasa watu wakawa wanagusana viwiko au miguu, wakicheka kwa haya. Mbele ya kila duka ilikaa ndoo yenye bomba na kipande cha sabuni, na katika vijiji watoto walitengeneza vibuyu chirizi, ambavyo hukanyagwa kijiti cha chini maji yakamwagika bila kushika kitu. Kwa muda daladala zilitakiwa zichukue abiria walioketi tu. Katika nyumba nyingi watu walijifunika blanketi wakajifukiza kwa majani yaliyochemshwa.

Hata lugha ilipata kazi. Neno "barakoa" ni la zamani. Lilikuwa jina la kifuniko cha uso walichovaa wanawake wa pwani, nalo lina asili ya Kiarabu. Mwaka 2020 likafufuka, likapanda mpaka Kibosho na Rombo, kila mtu akalijua. Ugonjwa wenyewe ukapewa jina la UVIKO-19, yaani ugonjwa wa virusi vya korona wa mwaka 2019.

Wazee waliona uchungu zaidi katika mambo mawili. Mbege hunywewa kwa kata inayopita mkono kwa mkono, nayo ni alama ya kuwa watu wamepatana. Sasa kila mtu alitakiwa awe na chombo chake. Pili ni msiba. Kwetu maiti huzikwa kihambani, na jamaa huja kutoka Dar es Salaam na Arusha, wakakaa siku nyingi na wafiwa. Nakumbuka mazishi niliyohudhuria mwezi wa Mei. Tulisimama mbalimbali kati ya migomba, mvua ikinyesha, wala hakuna aliyemkumbatia mjane. Mzee mmoja aliniambia, "Mwalimu, leo tumezika, lakini hatujamlilia mtu." Nilielewa ya kuwa hatua ile ilikuwa ya kulinda uhai, na ya kuwa maneno ya mzee nayo yalikuwa kweli.

KAZI NA FEDHA

Kila mwanafunzi wa Moshi ajua ya kuwa mlima wetu hulisha watu wengi. Mgeni mmoja anayepanda Kilimanjaro hufuatana na mwongozaji, mpishi na wapagazi kadhaa. Nyuma yao wapo madereva, wafua nguo, wenye hoteli na wauza mboga. Mwezi wa Aprili 2020 ndege za abiria kutoka nchi za nje zilizuiwa, na ingawa ziliruhusiwa tena tarehe 18 Mei, wageni hawakurudi upesi. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea wageni zaidi ya milioni moja na nusu. Mwaka 2020 hawakufika hata nusu ya hao. Malango ya Machame na Marangu yakawa kimya. Mpagazi hana mshahara wa mwezi; asipopanda halipwi.

Basi ndipo nyumba zilipoachana. Nyumba ya mtu mwenye mshahara iliona kufungwa kwa shule kama likizo ndefu. Nyumba ya mpagazi ilipoteza shule na chakula kwa mwezi mmoja. Amri ilikuwa moja, lakini mzigo haukuwa mmoja.

KOSA LANGU

Siku tulipofunga niliwaandikia kidato cha pili maswali 40 ubaoni, nikawaambia, "Mna muda wa kutosha. Tukifungua nitakusanya madaftari." Baadaye masomo yalitangazwa katika redio na televisheni, nami nikadhani wanafunzi wangu wote wanayasikiliza.

Shule zilipofunguliwa nilikusanya madaftari. Msichana mmoja, ambaye kabla ya hapo alikuwa katika watano wa kwanza, alikuwa amejibu maswali sita tu. Daftari lenyewe lilikuwa jembamba, lakini sikujiuliza kwa nini. Nilimsimamisha mbele ya wenzake, nikamwita mvivu. Hakujibu neno. Aliangalia chini mpaka nilipomwambia aketi.

Siku chache baadaye akaanza kukosa shule. Jumamosi moja nikapanda daladala hadi Kibosho, nikauliza njia, nikafika kwao. Nilimkuta bibi yake ameketi mlangoni akimenya ndizi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Karibu."

Nikamwambia mimi ni mwalimu. Akanitazama kidogo, kisha akasema, "Umekuja kumchukua? Mchukue. Kazi za hapa zimemzidi umri."

Ndipo nilipopata habari. Baba alikuwa mpagazi wa njia ya Machame. Kazi ilipokwisha alishuka tambarare kutafuta kibarua katika mashamba ya mpunga ya Mabogini, akawa harudi ila mara moja kwa juma. Mama alikuwa akiamka usiku kupeleka ndizi soko la Mbuyuni. Msichana yule, mkubwa wa watoto watano, ndiye aliyekata majani ya ng'ombe, akateka maji, akapika, akamwangalia bibi. Redio ilikuwapo, ila betri zilikwisha mwezi wa Aprili, na fedha ya betri ilikuwa fedha ya chumvi.

Bibi akanionyesha mlango wa jiko. Ulikuwa umeandikwa kwa mkaa, juu mpaka chini: irabu, silabi, na hesabu za kuzidisha hadi mara sita. Mtoto wa darasa la pili akakimbia, akaleta karatasi zilizokunjwa, akanisomea maneno yaliyoandikwa humo bila kukwama. Nikazitambua. Zilikuwa kurasa za daftari la Jiografia. Dada yake alikuwa amezichana ili wadogo zake wapate pa kuandikia.

Wanafunzi wapenzi, nilikuwa nimemwita mvivu mtu aliyefanya kazi ya mwalimu siku 104 bila chaki wala mshahara.

Msichana aliporudi na mzigo wa majani kichwani aliniamkia, "Shikamoo, mwalimu," kama kwamba hakuna lililotokea. Nilizungumza na mama yake jioni ile, tukapatana: majani yatakatwa na mdogo wake wa kiume, na mimi nitampa msichana madaftari na saa moja ya masomo kila alasiri. Jumatatu nilisimama mbele ya darasa lile lile, nikamwomba radhi. Mwisho wa mwaka alivuka kidato cha pili. Lakini madawati mawili katika darasa lile hayakupata watu tena. Mmoja wao alikuwa ameonja fedha katika machimbo ya Mirerani, naye sikwenda kumtafuta mapema. Huyo namkumbuka kila niitapo majina.

TUJIFUNZE NINI?

Wala sisemi ya kuwa kufunga shule kulikuwa kosa. Maradhi yale yaliua watu wengi duniani, na wengine walikuwa jamaa zetu. Chanjo ilianza kutolewa hapa nchini tarehe 28 Julai 2021, na Shirika la Afya Duniani halikuondoa hali ya dharura ila Mei 2023. Ninalosema ni hili: amri inapotolewa, kila nyumba huichukua kwa nguvu zake, na kazi ya sisi tuliobaki ni kuuliza nyumba ipi imeelemewa.

Kwanza, mwalimu ajue wanafunzi wake wanakaa wapi na nani ana redio, simu au taa. Orodha hiyo iandikwe kabla ya taabu. Pili, mzazi ampe mtoto saa moja ya kusoma kila siku, ijapokuwa kazi ni nyingi, na kazi zigawanywe kwa wavulana na wasichana sawasawa. Tatu, mwanafunzi mwenye kitabu asome na jirani yake asiye nacho, uani, penye hewa. Nne, shule ikifunguliwa, wasiorudi wafuatwe juma lile lile, si mwezi ujao.

Somo hili si la zamani. Ugonjwa wa Marburg ulitokea mkoa wa Kagera mwaka 2023, ukatokea tena mwaka 2025. Siku nyingine maradhi yaweza kuwa kwetu. Tena kumbukeni ya kuwa mkopo wa shilingi trilioni 1.3, ambao serikali iliupata mwaka 2021 kwa ajili ya mapambano ya UVIKO-19, ndio uliojenga madarasa 15,000 nchini. Wengi wenu mnasoma katika vyumba hivyo. Mkiketi humo, kumbukeni pia darasa lililokuwa mlango wa jiko.

MASWALI

1. Eleza kwa nini darasa moja laweza kupeleka ugonjwa katika nyumba nyingi.

2. Taja watu watano wa Moshi ambao kazi zao hupungua wageni wasipopanda mlima.

3. Muulize mzazi au bibi yako mambo mawili yaliyobadilika nyumbani kwenu mwaka 2020. Andika majibu yake kwa maneno yake mwenyewe.

4. Ikiwa shule itafungwa kesho kwa siku 30, ni mwenzako yupi atakayeelemewa zaidi, nawe utamsaidiaje? Jina lake usiliandike, andika msaada.