Homa Baada ya Kemo: Maswali ya Familia Inayomuuguza Mama

Wanawake wengi wanaotibiwa saratani ya matiti hupewa kwanza dawa mbili za kemo kwa pamoja, doksorubisini na siklofosfamidi. Hutolewa kwa dripu mara nne, mara nyingi kila baada ya siku 21, kisha hufuata paklitakseli. Dripu yenyewe huchukua saa chache tu. Siku nyingine zote mgonjwa yuko nyumbani, mikononi mwa mume, watoto, wadogo zake na wakwe. Hao ndio wanaoona ambayo daktari hayaoni, na maswali yao yanastahili majibu kamili.

Mama alipata dozi ya kwanza jana, leo mkojo wake ni mwekundu. Anavuja damu?

Hapana, hiyo ni rangi ya dawa. Doksorubisini, ambayo asili yake ni bakteria waliopatikana kwenye udongo wa Italia, ni nyekundu hata ikiwa kwenye chupa, na huweza kuupaka mkojo rangi kwa siku moja au mbili. Wekundu ukizidi hapo, au akikojoa kwa maumivu, hospitali ijulishwe.

Dada hakutapika hata mara moja. Je, dawa imefanya kazi kweli?

Kutapika si kipimo cha kupona. Mgonjwa huyo amekingwa vizuri na dawa za kichefuchefu kama ondansetroni na deksamethasoni, na hilo ndilo lililokusudiwa. Wapo wanaoacha vidonge hivyo wakidhani vinapunguza makali ya kemo, wanajitesa bure. Maendeleo hujulikana kwa daktari kupapasa na kupima uvimbe, na kwa picha za ultrasaundi au sitiskani. Aliyekwisha kufanyiwa upasuaji huenda hana uvimbe wa kupima tena: kwake kemo inawinda seli zilizobaki zisizoonekana.

Ni siku ya 10 tangu dozi, na mama ana joto la 38.3. Amepimwa malaria hapa mtaani, anayo, akapewa dawa mseto. Inatosha?

Haitoshi, na kati ya maswali yote hili ndilo lisilosubiri asubuhi.

Kemo hushambulia seli zinazogawanyika haraka. Saratani ni mojawapo, lakini uboho wa mifupa unaotengeneza damu nao umo humo. Kwa mchanganyiko wa dawa hizi mbili, seli nyeupe za kinga hushuka mpaka chini kabisa takriban kati ya siku ya 10 na ya 14, kisha huanza kupanda. Katika siku hizo bakteria wa kawaida, hata wale wanaoishi ndani ya utumbo wake mwenyewe, wanaweza kuingia kwenye damu na kumuua mgonjwa kwa muda mfupi sana. Usaha hauonekani, kwa sababu seli zinazoutengeneza hazipo. Dalili pekee inaweza kuwa joto.

Kwetu homa imezoeleka kuitwa malaria, na hapo ndipo hatari ilipo. Kipimo kinaweza kuwa sahihi, malaria ikawepo kweli, na bado damu ikawa na bakteria. Mgonjwa wa kemo mwenye joto la 38 au zaidi apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana, na familia iseme mlangoni: “Anapata kemo, dozi ya mwisho ilikuwa tarehe fulani.” Lengo la madaktari ni aanze kupata antibayotiki ya mshipa ndani ya saa moja tangu afike. Asipewe panado kabla ya kupimwa joto, kwani huficha homa bila kugusa chanzo chake.

Anayetibiwa katika hospitali kubwa kama Ocean Road, Bugando au KCMC na kurudi kijijini kati ya dozi aulize mapema: hospitali ipi ya karibu inaweza kumpokea? Aondoke na barua yenye majina ya dawa zake. Na kipimajoto kiwepo nyumbani kabla ya dozi ya kwanza.

Dozi ya tatu imeahirishwa kwa sababu damu iko chini. Ugonjwa umeshinda?

La. Uboho haujamaliza kujijenga. Mara nyingi wiki moja ya kusubiri hutosha, na wengine huchomwa sindano ya kuamsha seli nyeupe.

Mdomo umejaa vidonda. Ale nini?

Mtori uliopoa, uji, viazi vya kuponda, mayai yaliyoiva vizuri. Pilipili na ndimu zingoje. Asukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo mara kadhaa kwa siku, na mswaki uwe laini. Maziwa yachemshwe. Akishindwa hata kunywa maji, arudishwe hospitali.

Shangazi ameleta dawa ya mizizi. Tumpe pamoja na kemo?

Isitolewe kabla daktari hajajua. Ini ndilo linalochakata dawa nyingi za kemo, na mizizi isiyojulikana yaliyomo inaweza kuliumiza au kubadilisha nguvu za dawa mwilini. Wala mmea haudharauliwi hospitalini: paklitakseli ilitokana na gome la mti lililokusanywa Marekani mwaka 1962. Tofauti ni kwamba kipimo chake kinajulikana kwa miligramu. Shangazi aheshimiwe, na dawa yake ipelekwe kliniki ikaulizwe.

Tangu aanze paklitakseli, vidole vina ganzi. Anatukataza kumwambia daktari.

Anaogopa dawa itakatishwa. Wagonjwa wengi huficha ganzi kwa hofu hiyo, ilhali daktari anayejua mapema anaweza kupunguza dozi au kubadilisha dawa na matibabu yakaendelea. Ikiachwa, neva huumia zaidi, na ganzi inaweza kudumu miezi au miaka. Familia ikimwona anashindwa kufunga vifungo vya blauzi au anaangusha vikombe, iseme siku ya kliniki, kabla dripu haijafungwa.