Behewa jekundu, mabehewa mekundu: kuchagua rangi na herufi za treni zetu ndogo



Muhula huu darasa la wakubwa linatengeneza mabehewa ya mizigo ya treni za mfano, zile ndogo zinazokimbia juu ya reli ya mezani. Mabehewa ni ya plastiki, yameshagundishwa, na bado hayana rangi. Wazazi kadhaa wameniuliza wanunue rangi gani, na zile herufi za ubavuni wazipate vipi. Somo la wiki hii ndilo jibu langu. Ndani yake kuna sarufi pia, kwa hiyo watoto msiruke.

Kwanza, msianze na rangi. Anzeni na mwaka. Ukishajua behewa lako ni la reli gani na la mwaka gani, nusu ya kazi ya kuchagua imekwisha.

Chukueni behewa la Nairobi la mwaka 1965. Ubavuni litaandikwa EAR, kwa sababu mwaka 1948 reli za Kenya na Uganda ziliunganishwa na ile ya Tanganyika zikawa shirika moja, East African Railways and Harbours. Sasa chukueni behewa la namna hiyohiyo, ila la mwaka 1980. Hapo mwenye mali ni mwingine. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977 na reli ikagawanywa kwa nchi tatu: Kenya Railways, Uganda Railways, na Tanzania Railways Corporation, ile TRC ambayo wazee wetu wa Tabora na Kigoma wanaitaja mpaka leo. Mtu anayebandika EAR kwenye behewa la 1980 ameandika historia isiyo kweli kwa herufi tatu tu.

Darasani tuna mtoto ambaye kwao ni Kisumu, mwingine Tororo, na mwingine Tabora. Wote watatu wamechagua mwaka 1965, bila mimi kuwaambia, ili mabehewa yao yawe na herufi zilezile na yafungwe pamoja nyuma ya injini moja. Wengine walitaka kupaka rangi za bendera. Hilo nimelikataa. Bendera ina mahali pake, lakini sisi tunatengeneza kitu ambacho babu wa mtu fulani alikipakia magunia ya kahawa au pamba, na kitu hicho kilikuwa na rangi yake.

Wenye reli nyumbani wataniuliza kama behewa la kwetu linaweza kusimama pamoja na la Afrika Kusini. Inategemea. Reli ya hapa ina upana wa milimita 1067. Upana huohuo unakwenda Zimbabwe, Zambia, Lubumbashi, na kwenye TAZARA, reli ya kilomita 1,860 kutoka Kapiri Mposhi hadi Dar es Salaam, iliyojengwa kuanzia 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976. Kwa hiyo behewa la TAZARA au la Lubumbashi likisimama nyuma ya behewa la Afrika Kusini, hakuna kosa. Lakini reli ya EAR ilikuwa na upana wa mita moja kamili. Milimita 67 ni kidogo, hazifiki upana wa kiganja changu, ila zinatosha kuzuia treni. Ndiyo maana pale Kidatu, mkoani Morogoro, reli hizo mbili zinapokutana, mizigo inabidi ihamishwe kutoka behewa moja hadi jingine. Juu ya meza yenu hakuna mkaguzi, fanyeni mpendavyo, lakini jueni.

Mabehewa ya zamani ya hapa yana jambo moja la kuangalia. Yaliandikwa SAR na SAS, yaani jina la shirika kwa Kiingereza na kwa Kiafrikana. Herufi EAR zilikuwa za Kiingereza peke yake. Kiswahili hakikuandikwa ubavuni, ingawa ndicho kilichosemwa na wapakiaji, magadi na mafundi. Ukitaka kujua habari za mabehewa hayo kutoka kwa watu hao, utauliza kwa Kiswahili.

Na kuuliza ni lazima, kwa sababu picha nyingi za miaka ile ni nyeusi na nyeupe. Picha inakuonyesha milango, ribiti, na mahali herufi zilipokaa. Rangi haionyeshi. Anayeijua rangi ni aliyeiona, na waliokuwa vijana mwaka 1965 sasa ni wazee wa miaka themanini hivi. Pigeni simu wiki hii. Msisubiri likizo ya Desemba.

Ulizeni hivi: “Shikamoo babu. Mabehewa ya mizigo yalikuwa ya rangi gani ulipokuwa kijana?” Akishajibu, ongeza swali la pili: “Ilifanana na nini?” Hilo la pili ndilo muhimu. Kiswahili hupata majina mengi ya rangi kutoka kwenye vitu. Kijani ni jani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda. Mzee akikwambia “kama kutu” au “kama udongo wa Voi mvua ikinyesha”, amekupa kitu ambacho unaweza kukilinganisha na kifuniko cha kopo dukani. Jina la Kiingereza lililoandikwa kwenye kopo halitakusaidia kiasi hicho.

Mfano mzuri ni injini za EAR. Injini kubwa za mvuke za daraja la 59, zilizotengenezwa Manchester na kampuni ya Beyer Peacock, zilikuwa 34 na zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Mojawapo, Mount Gelai, bado iko kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Rangi yake Waswahili wanaiita damu ya mzee. Ni nyekundu iliyoiva mpaka imekaribia weusi. Mimi ni muuguzi, na nawaambia damu ya mshipani ikiwa ndani ya chupa ya maabara ina rangi hiyo kabisa, iwe ya mzee au ya kijana. Dukani peleka jina hilo kichwani, kisha tafuta kopo linalofanana nalo.

Sasa sarufi. Rangi tatu tu ndizo zinazobadilika kufuata ngeli: -eusi, -eupe na -ekundu. Behewa jekundu, mabehewa mekundu. Gurudumu jeusi, magurudumu meusi. Mlango mweupe, milango myeupe. Kibandiko cheupe, vibandiko vyeupe. Herufi nyeupe, iwe moja au mia. Rangi nyingine zote hazibadiliki, kinachobadilika ni neno dogo lililo mbele yake: behewa la kijivu, mabehewa ya kijivu, mlango wa bluu, vibandiko vya njano. Watoto wetu wengi husema “behewa nyekundu” kwa sababu wamezoea “rangi nyekundu”. Wazazi, warekebisheni taratibu, kwa kurudia sentensi sahihi tu, bila kuwacheka.

Kiswahili kina pia maneno ya kukoleza: nyeusi tii, nyeupe pee, nyekundu pyu. Yakumbukeni mkiwa na brashi, maana behewa dogo halitakiwi kuwa jeusi tii wala jeupe pee. Kitu kidogo hakipati mwanga kama kitu kikubwa, na rangi halisi ikipakwa juu yake huonekana nzito kuliko ilivyo. Kwenye nyeusi ongezeni tone moja au mawili ya kijivu. Kwenye nyekundu ya kutu, tone la nyeupe. Mimi hupima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, nahesabu matone na kuyaandika, ili behewa la pili lifanane na la kwanza.

Kuhusu aina ya rangi: kwa watoto nunueni rangi ya maji, si rangi ya mafuta. Ya mafuta huenea vizuri na ni ngumu, lakini inahitaji tina, na harufu yake haifai kwenye fleti iliyofungwa madirisha. Msitumie rangi ya ukutani iliyobaki nyumbani. Ni nzito, itazijaza ribiti zote na behewa litakuwa kama limepakwa uji. Osheni plastiki kwa sabuni ya vyombo kwanza, iondoke mafuta ya kiwandani, muiache ikauke. Halafu rangi ya kwanza ya kijivu, kisha rangi yenyewe mara mbili, nyembamba. Hewa ya Johannesburg wakati wa baridi ni kavu na rangi hukauka kwenye brashi kabla hujafika mwisho wa mlango, kwa hiyo ongezeni maji kidogo. Wakati wa joto tatizo ni mvua ya radi ya alasiri: hewa ikiwa na unyevu, vanishi ya kupuliza hugeuka ukungu mweupe. Pulizeni asubuhi, nje, mkiwa na barakoa.

Herufi ni vibandiko vya maji. Ni karatasi inayolowekwa, kisha herufi inateleza na kuhamia kwenye behewa. Msifikirie kuchapisha nyumbani herufi nyeupe, maana printa ya kawaida haina wino mweupe. Nunueni karatasi yenye alfabeti na tarakimu nyeupe tayari, mkate E, A na R na namba mnazotaka. Mkichapisha herufi nyeusi nyumbani kwa printa ya wino, zipulizieni vanishi kwanza, la sivyo wino utayeyuka majini.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kubandika juu ya rangi isiyong’aa. Rangi hiyo ina vinundu vidogo, hewa hubaki chini ya kibandiko, na kikikauka kinametameta kama gamba la dagaa. Pakeni vanishi inayong’aa kwanza. Lowekeni kibandiko kwenye maji vuguvugu kama nusu dakika, msubiri kiteleze chenyewe bila kukivuta kwa kucha, mkisogeze kwa brashi yenye maji, kisha mkikandamize kwa kijiti cha pamba. Kikilala usiku mzima, malizeni kwa vanishi isiyong’aa. Vumbi la safari, mkilitaka, ni chaki nyekundu iliyosagwa na kupakwa chini karibu na magurudumu. Kidogo.

Wazazi, neno la kazini kwangu. Tina isihamishiwe kwenye chupa ya soda hata kwa dakika tano. Mtoto akinywa tina au mafuta ya taa, msimlazimishe kutapika, kwa sababu inaporudi juu inaweza kuingia mapafuni. Mpelekeni hospitali mara moja, na kopo lake mkononi.

Zoezi la nyumbani

Jazeni nafasi kwa rangi iliyo kwenye mabano:
1. Mabehewa ___ yamefungwa nyuma ya injini. (-ekundu)
2. Bandika vibandiko ___ juu ya mlango. (-eupe)
3. Magurudumu ___ hayang’ai. (-eusi)
4. Behewa ___ ni la Tororo. (kijivu)
5. Milango ___ imekauka. (-ekundu)

Kisha andikeni sentensi tano za yale mliyoambiwa kwenye simu: nani aliwaambia, alikuwa wapi, mabehewa yalibeba nini, rangi gani, ilifanana na nini. Andikeni maneno yake kama alivyoyasema, hata kama si Kiswahili cha kitabuni. Jumamosi njooni na karatasi hiyo, aproni, na behewa likiwa limeoshwa. Makopo ya rangi yatafunguliwa baada ya kusoma sentensi zenu.