Kompyuta Inaposema "Huna Ruhusa": Somo kwa Kamati za Parokia

Somo la robo hii linahusu jambo ambalo huonekana dogo, lakini limeshachelewesha taarifa nyingi za miradi. Kompyuta ya kamati imeharibika, fundi ameweka upya Windows, mashine inawaka vizuri, lakini programu ya hesabu inakataa kuingia na mafaili ya zamani yanakataa kufunguka. Kwenye skrini yanatokea maneno "Access is denied", yaani umekataliwa kuingia.

Kamati zetu nyingi hazina ofisi, kwa hiyo kompyuta hukaa nyumbani kwa katibu au mweka hazina. Basi tuchukue mfano wa kamati iliyopo Dumila, pale njia panda ya kwenda Kilosa kwenye barabara kuu ya Morogoro na Dodoma. Umeme umekatika ghafla mara kadhaa, Windows imeharibika, na taarifa ya robo inatakiwa wiki ijayo. Ndani ya mashine kuna orodha ya watoto wanaolipiwa ada, stakabadhi zilizopigwa picha na hesabu za miaka mitatu. Mafaili yote yapo, majina yake yanaonekana, ila hayafunguki. Hapo ndipo mtu hushauri, "Futeni diski yote tuanze upya." Ushauri huo ukifuatwa, kazi ya miaka mitatu inapotea kwa sababu ya kufuli ambalo lingefunguliwa kwa dakika chache.

Kwa nini kompyuta inakataa?

Zamani, katika Windows 95 na Windows 98, kila aliyekaa mbele ya kompyuta aliweza kufungua na kufuta chochote. Windows XP iliyotoka mwaka 2001 ilileta katika kompyuta za nyumbani utaratibu uliokuwa ukitumika maofisini: kila faili na kila folda ina mwenyewe, na ina orodha ya wanaoruhusiwa kusoma, kuandika au kufuta. Mwaka 2007 Windows Vista iliongeza hatua nyingine. Hata msimamizi wa kompyuta huulizwa kwanza kabla programu haijagusa sehemu nyeti za mashine. Windows zilizofuata zimeendelea na utaratibu huo.

Sasa ipo siri moja ambayo ikieleweka, nusu ya tatizo imekwisha. Kompyuta haimtambui mtumiaji kwa jina. Inamtambua kwa namba ndefu ya utambulisho inayoanza na S-1-5, na namba hiyo hutengenezwa mara moja tu akaunti inapofunguliwa. Windows ikiwekwa upya na ukafungua akaunti yenye jina lile lile "Katibu" na neno la siri lile lile, namba yake ni nyingine kabisa. Ni sawa na ghala la mahindi lililofungwa na mlinzi wa zamani. Akija mlinzi mpya mwenye jina kama la yule wa kwanza, kufuli halitafunguka kwa sababu ya jina. Linataka ufunguo.

Hivyo basi, ujumbe wa kukataliwa mara nyingi hauna maana kwamba faili limekufa au lina virusi. Una maana kwamba mlango umefungwa na aliye mbele yake hajulikani.

Programu inapokataa kuingia

Tunashauri hatua zifuatazo kwa mpangilio huu, bila kuruka.

1. Soma ujumbe wote na uandike namba yake kwenye daftari. Namba 5 ina maana ya kukataliwa ruhusa. Namba 1303 inaonyesha kwamba programu haina ruhusa ya kuingia katika folda fulani, na jina la folda hiyo huandikwa hapo hapo. Namba 1603 ni ya jumla zaidi. Ukosefu wa ruhusa ni mojawapo tu ya sababu zake. Fundi akipigiwa simu na kutajiwa namba, anaweza kusaidia akiwa mbali, na kamati itaokoa nauli ya kwenda Morogoro mjini.

2. Angalia umeingia kwa akaunti gani. Akaunti ya mtumiaji wa kawaida haiwezi kuweka programu inayotumiwa na watu wote. Bonyeza faili la kuweka programu kwa kitufe cha kulia cha mausi, kisha uchague "Run as administrator". Kompyuta ikiuliza neno la siri, ni la msimamizi, si lako.

3. Ondoa mabaki ya programu ya zamani. Tumia sehemu ya kuondolea programu iliyopo katika mipangilio ya Windows, kisha uzime na kuwasha kompyuta. Kama folda ya zamani bado ipo ndani ya "Program Files", usiifute haraka, kwa kuwa baadhi ya programu za hesabu huhifadhi kumbukumbu zake humo. Ibadilishe jina kwa kuongeza neno "zamani" mwishoni, kisha ujaribu tena.

4. Nakili faili la kuweka programu kutoka kwenye flashi au sidii na uliweke ndani ya kompyuta, halafu ulianzishe kutoka huko. Flashi iliyochakaa na sidii yenye mikwaruzo huleta makosa yanayofanana na ya ruhusa. Hakikisha pia diski ina nafasi ya kutosha.

5. Angalia programu ya kuzuia virusi. Windows 10 na Windows 11 zina ulinzi unaoweza kuzuia programu isiyojulikana kuandika katika folda ya nyaraka zako. Ikiwa una hakika na programu hiyo, iruhusu yenyewe peke yake. Usizime ulinzi wote. Programu inayokuamuru uzime kwanza ulinzi ndipo iingie ni ya kuogopwa, na mara nyingi ni nakala ya wizi.

Mafaili ya zamani yanapokataa kufunguka

Hapa tunaomba utulivu. Usifomati chochote. Ingia kwa akaunti ya msimamizi, kisha ufanye hivi:

1. Tafuta folda yenye kazi za kamati. Ibonyeze kwa kitufe cha kulia, chagua "Properties", halafu "Security", halafu "Advanced".

2. Juu ya dirisha litakalofunguka utaona neno "Owner", yaani mwenyewe. Kama mbele yake kuna namba ndefu badala ya jina, huyo ndiye mlinzi wa zamani. Bonyeza "Change", andika jina la akaunti yako ya sasa, bonyeza "Check Names" kuhakiki, kisha "OK".

3. Weka alama ya vema kwenye mstari unaosema umiliki ubadilishwe pia kwa folda na mafaili yote yaliyomo ndani. Wengi husahau hatua hii. Folda inafunguka lakini yaliyomo yanaendelea kukataa. Bonyeza "Apply", kisha funga madirisha yote.

4. Rudi sehemu ile ile ya "Security" na uipe akaunti yako ruhusa kamili. Kuwa mwenyewe na kuwa na ruhusa ni mambo mawili: mwenyewe ana haki ya kutoa ruhusa, lakini lazima aitoe, hata kwa nafsi yake.

5. Fungua faili moja kama jaribio. Likifunguka, nakili folda nzima kwenye diski ya nje kabla ya kuendelea na kazi nyingine yoyote.

Fanya hivyo kwa folda ya kazi zenu tu. Usibadilishe mwenyewe wa folda ya Windows, wala usimpe kila mtu ruhusa kamili katika diski yote ya C. Wapo wanaofanya hivyo kwa hasira ili "kumaliza tatizo". Kwa kweli wanang'oa milango yote ya nyumba kwa sababu mmoja ulikwama, na kirusi cha kwanza kikiingia hakitakuta kizuizi.

Kufuli ambalo ruhusa haifungui

Yapo mafaili ambayo hata ukiwa mwenyewe hayatafunguka, kwa sababu yaliandikwa kwa maandishi ya siri. Katika Windows XP majina yake huonekana kwa rangi ya kijani, na katika Windows 10 huwa na alama ndogo ya kufuli. Huduma hii haimo katika Windows za toleo la nyumbani, lakini kompyuta za mtumba zinazotoka maofisini mara nyingi huwa na toleo la Professional, hivyo inaweza kuwemo. Ufunguo wake ulikuwa ndani ya Windows ya zamani. Kama haukutolewa na kuhifadhiwa kabla Windows haijawekwa upya, mafaili hayo ni vigumu mno kuyaokoa.

Vilevile, kompyuta mpakato za miaka ya karibuni zinaweza kufunga diski nzima kwa ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48. Kabla fundi hajagusa mashine, mwulizeni: je, diski hii imefungwa kwa siri, na ufunguo wake uko wapi? Swali hilo moja lina thamani kuliko matengenezo yote yatakayofuata.

Mafaili yaliyo kwenye flashi za kawaida hayana tatizo hili, kwa kuwa mfumo wa FAT unaotumika humo hauweki orodha ya ruhusa. Ndiyo maana nakala ya flashi hufunguka popote. Lakini maana yake ni kwamba yeyote atakayeiokota ataisoma pia. Orodha ya watoto yatima au ya wagonjwa haifai kuzagaa hivyo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatutaka tuitunze. Flashi ya nakala ifungiwe kabatini kama daftari la fedha.

Wajibu wa kamati

Katika akaunti ya benki tumezoea watia saini zaidi ya mmoja, ili kazi isisimame mmoja akisafiri na ili mmoja asitende peke yake. Kompyuta nayo inastahili utaratibu wa namna hiyo. Tunapendekeza kila kamati ipitishe mambo haya katika kikao na kuyaandika kwenye muhtasari:

- Akaunti ya msimamizi iwe moja, na itumike kwa matengenezo tu. Kazi za kila siku zifanywe kwa akaunti za kawaida, kila mtu na yake.
- Neno la siri la msimamizi na ufunguo wa dharura wa diski viandikwe kwenye karatasi, vifungwe ndani ya bahasha yenye saini ya mwenyekiti na mweka hazina, na bahasha iwekwe mahali salama parokiani.
- Uongozi unapobadilika, bahasha hiyo ikabidhiwe pamoja na mhuri na vitabu vya fedha.
- Nakala ya kazi zote ichukuliwe kila mwisho wa mwezi na itunzwe katika jengo jingine. Wenzetu wa Dumila na Magole hawahitaji kuelezwa sababu: mafuriko ya Januari 2014 yaliingia majumbani na kukata barabara kuu.
- Kabla ya kuweka upya Windows, wawepo watu wawili kuhakikisha kwamba nakala imechukuliwa na inafunguka katika kompyuta nyingine.

Neno kuhusu programu halali

Nakala za wizi hununuliwa kwa bei ndogo, lakini hukiuka Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na mara nyingi huja na virusi. Hatuwezi kumwandikia mfadhili taarifa ya uaminifu kwa programu tuliyoiba. Zipo programu za bure zilizo halali. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa lugha ya Kiswahili. Leo LibreOffice, iliyotokana na OpenOffice mwaka 2010, inatosha kwa barua, bajeti na taarifa za kamati.

Kwa wafadhili wetu tunasema hivi kwa shukrani. Kompyuta mliyotoa ni msaada mkubwa, lakini msaada huo haukamiliki bila diski ya nje ya kuhifadhia nakala na mafunzo ya siku mbili kwa watu wawili. Tunaomba pia mkumbuke kwamba Microsoft iliacha kutoa masahihisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 7 Januari 2020 na kwa Windows 10 Oktoba 2025. Mashine ya zamani isiyoweza kupokea Windows 11 bado inaweza kufanya kazi vizuri kwa Linux, ambayo ni ya bure. Ila waitumiao wafundishwe kwanza.

Maswali ya kujadili katika kikao

1. Ni nani anayejua neno la siri la msimamizi wa kompyuta yetu? Akiugua kesho, nani mwingine analijua?
2. Nakala yetu ya mwisho ni ya tarehe gani, na nani amejaribu kuifungua?
3. Ni taarifa zipi ndani ya kompyuta yetu ambazo zikipotea, mtoto au mgonjwa fulani ataumia?
4. Je, programu zetu zote ni halali? Kama sivyo, tutabadilisha ipi kwanza?

Tunaziomba kamati zitume majibu ya swali la pili pamoja na taarifa ya robo ijayo. Tumekabidhiwa mali na habari za watu wengine, na wakili mwema hujua ufunguo uko wapi kabla mlango haujagongwa. Mungu awabariki katika kazi zenu.