Hata Yeremia aliandikiana

Shangazi, mume wangu anataka tutoe akiba yetu yote kwenye Sacco tununue ploti Kitengela kupitia kwa ndugu mmoja wa kanisani. Nilipoomba twende kwanza tufanye sachi, alisema hizo ni akili za dunia ambazo Mungu anaziona upuzi, na kwamba mimi sina imani. Muuzaji anataka pesa kabla ya Ijumaa. Je, ni dhambi kumpinga?
Mama wa Wawili, Ongata Rongai

Si dhambi, mwanangu. Mumeo anaegemea waraka wa kwanza wa Paulo kwa Wakorintho, lakini sura tatu za mwanzo zikisomwa mfululizo, ugomvi wenyewe unaonekana. Waumini walikuwa wamegawanyika, huyu akijivunia Paulo, yule Apolo, mwingine Kefa, na Wayunani wakiucheka msalaba. Hekima inayokemewa pale ni majivuno ya wenye maneno matamu. Kwenda ofisi ya ardhi kuangalia hatimiliki ina jina la nani hakumo. Na kwa kweli, katika habari hii mwenye maneno matamu ni muuzaji, si wewe.

Tena Biblia ina visa vya watu kununua ardhi, na nashangaa havihubiriwi sana. Katika Mwanzo 23, Ibrahimu alipotaka pango la Makpela amzike Sara, mwenyewe, Efroni, alimwambia alichukue tu. Ibrahimu hakukubali. Alipima shekeli 400 za fedha mbele ya Wahiti waliokuwa langoni pa mji, na katika mapatano yao hata miti ya shambani ikatajwa. Lakini kiboko ni Yeremia, sura ya 32. Mungu mwenyewe alimwarifu kwamba binamu yake angekuja kumuuzia shamba la Anathothi, na binamu akaja. Kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kuruka makaratasi, ni huyo: neno amepewa na Mungu, muuzaji ni damu yake. Hata hivyo alipima shekeli 17, akaandika hati, akaitia muhuri, akaita mashahidi, kisha akamwagiza mwandishi wake Baruku aziweke nakala zote mbili, iliyofungwa na iliyo wazi, ndani ya chombo cha udongo zisiharibike. Ikiwa nabii aliandikiana na binamu yake, huyo ndugu wa kanisani ni nani?

Huenda mumeo akaleta Mithali 3, kwamba tumtumaini Bwana, tusitegemee akili zetu. Sawa, ila akili inayotegemewa hapa ni yake yeye, na sura ya 14 ya kitabu hichohicho inamhesabu mjinga yule anayeamini kila aambiwalo. Akidai mke anyamaze, mfungulie sura ya 31: yule mke anayesifiwa kwenye harusi zetu zote hulikagua shamba kwanza, ndipo analinunua. Iko pia hoja kwamba kumchunguza ndugu ni kumvunjia heshima. Siikubali. Mwenye shamba halali hapungukiwi na chochote sachi ikifanywa, na anayekasirika kwa kuulizwa ameshakupa jibu.

Kitengela hasa inataka macho mawili. Sehemu kubwa ilikuwa ranchi ya pamoja iliyogawiwa wanachama miaka ya 1980, kisha wengine wakauza ekari, na ekari zikakatwa ploti za futi 50 kwa 100. Ndiyo maana unaweza kuuziwa kipande ambacho bado kimo ndani ya hatimiliki mama ya mtu mwingine. Kama ardhi ingali ya kilimo, Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, Sura ya 302, inataka idhini ya bodi. Ombeni nambari ya hatimiliki leo. Tafuteni wakili wenu, asiwe wa muuzaji, na mpimaji awaonyeshe mawe ya mipaka mkiwa mmesimama hapo hapo shambani. Ijumaa ikifika kabla hayo hayajafanyika, pesa zibaki Sacco.