Kwa Mgonjwa wa Lupasi Mikinduri: Fanya Hivi, Usifanye Vile

Lupasi ni ugonjwa wa kinga ya mwili kumgeukia mwenyewe. Seli zetu hutoa protini za kupelekeana habari. Mojawapo ni intaferoni, ambayo hupiga kamsa virusi vinapoingia. Kwa wagonjwa wengi wa lupasi kamsa hulia ilhali hakuna mwizi.

USINUNUE sokoni unga wala chupa ya "kuongeza kinga". Kinga yako haijapungua, imepagawa.

JIFUNIKE. Ubaridi wa milima ya Nyambene unadanganya: tuko karibu kabisa na ikweta, na miale ya jua hupenya mawingu. Miale hiyo huua seli za ngozi, mabaki yake huamsha intaferoni, kisha viungo vinavimba. Palilia maharagwe alfajiri au jioni, kwa mikono mirefu na kofia pana. Leso ya kichwani haitoshi, maana upele wa lupasi wenye umbo la kipepeo hutua puani na mashavuni.

USIJITIBU homa kwa Septrin ya dukani; dawa za salfa huweza kuamsha lupasi. Wala usikubali homa hiyo itibiwe kama taifodi mara ya nne bila kupimwa upya. Uliza kuhusu vipimo vya damu vya ESR na CRP kwa pamoja. Lupasi ikichachamaa, mara nyingi ESR hupaa huku CRP ikibaki chini. CRP ikiruka juu sana, huenda ni bakteria: nenda hospitali siku hiyo hiyo.

USIACHE dawa ya predinisoloni ghafla, hata ikikuvimbisha uso. Unaweza kufa.

MEZA haidroksiklorokwini kila siku ulivyoandikiwa, na macho yapimwe. Dawa mpya ya anifrolumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021, huziba mlango wa intaferoni kwenye seli. Usiuze shamba la miraa kuikimbilia kabla hujaitumia ipasavyo haidroksiklorokwini, dawa ya zamani.

TAZAMA mkojo. Povu lisilokwisha upesi ni dalili kwamba huenda figo zinavuja protini. Mara nyingi figo haziumi zikiharibika, kwa hiyo usingoje maumivu.

Nawe mume, SIKIA. Tisa kati ya wagonjwa kumi ni wanawake, na lupasi huweza kukifanya kipimo cha VDRL kionyeshe kaswende isiyokuwapo. Mkeo akirudi kutoka kliniki ya wajawazito na karatasi ya majibu hayo, usimfukuze, usimwite mzinzi. Omba kipimo cha TPHA cha kuthibitisha, na uende naye.